Dawati la Waithira

Mama Warigia, pokea salamu kutoka Endarasha, ambako ukungu wa Julai umetukalia mpaka ng'ombe wenyewe wamechoka nao. Naomba unisaidie kama unavyowajibu wengine gazetini, na kabla sijasema lolote naomba usinicheke, kwa maana jambo hili nimeshawaeleza watu wawili, mmoja alicheka na wa pili akanishika kichwa akaniombea, na mpaka sasa niko pale pale.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule ya wasichana ya kutwa huku Kieni. Naitwa Kajuju, nilizaliwa Nkubu upande wa Meru nikaolewa huku Nyeri na Bwana Ngatia, ambaye ana duka la dawa za mifugo pale Chaka, na Mungu ametupa wavulana wawili. Shida yangu ni kuandika. Naandika hadithi za vijana, zile za kusomwa na watoto wa sekondari, na kwa miaka mingi niliziandika bila raha hata chembe, kwa sababu niliamini kijana akipewa kitabu lazima apewe na onyo. Nikaandika ya mvulana aliyeonja pombe ya chang'aa akaishia gerezani, nikaandika ya msichana aliyepanda gari la tajiri akapata mimba na UKIMWI kwa mpigo mmoja, nikapeleka Nairobi, na mhariri akanijibu kwamba maadili ni mazuri ila mwishoni nikaze kamba, mkosaji aumie zaidi kidogo. Nilikaza. Vitabu havikutoka, na wasichana wangu nilipowasomea walisinzia macho yakiwa wazi, kama wanavyojua kusinzia wao.

Basi mwaka jana nikasema yatosha, nitaandika kitu kimoja cha kujifurahisha, hata kama hakitatoka. Sikujua kitamhusu nani. Nilitaka tu msichana, si somo. Nikaenda jikoni kwa mama mkwe.

Mama mkwe wangu anaitwa Murugi, ni mzee wa miaka sabini na kitu, alizaliwa na kuolewa Wamagana wakahamia huku Endarasha mashamba yalipogawiwa baada ya Uhuru. Ana wavulana tu, na mume wangu ndiye kitinda mimba. Anakaa nyumba yake ndogo hapo hapo bomani na jiko lake la kuni, na mimi jioni hupenda kukaa naye, yeye anaongea Kikuyu, mimi najibu Kimeru, na Kiswahili kinajaza mashimo. Namwita maitu, mama yangu, na ni mama kweli. Siku hiyo alikuwa akimenya viazi. Nikamwambia kwa mzaha, maitu, nipatie jina la msichana wa kuweka kwa hadithi, msichana wa huku kwenu. Alinyamaza mpaka nikadhani hakusikia. Kisha akasema, bila kuinua macho, "Muite Waithira. Wa Wamagana."

Nikafurahi. Nikamuuliza msichana kama huyo angevaa nini, akasema koti ya baba yake, mikono imekunjwa. Na baba yake yuko wapi? Hayuko, akasema. Nikauliza angependa nini, akasema anapenda kucheka kabla hajaongea, mpaka mtu anamkasirikia. Nikauliza shida yake itakuwa nini, maana hadithi bila shida hailiki, akakaa na kile kisu, kisha akasema ndama imepotea, iko upande wa msitu, na jioni inaingia. Mama Warigia, nilitoka jikoni mle mbio mbio kama mtu aliyeokota kitu njiani na anaogopa mwenyewe atarudi.

Sijawahi kuandika vile. Nikawa naungua mkono kwa kusahau sufuria, nikawa nacheka peke yangu chumba cha walimu, Bwana Ngatia akaniuliza kama kuna mtu. Nilikuwa namwona Waithira kama nionavyo mkono wangu, vile anavyoruka dimbwi na koti linamfikia magoti, vile anavyoongea na ng'ombe kwa matusi. Kila nilipokwama nilirudi jikoni, na maitu hakukwama hata siku moja. Nilimwona kama maktaba yangu. Kitu kimoja tu kilinishangaza, kwamba tangu siku ile ya jina alianza kumimina chai vikombe vitatu. Changu, chake, na kingine anakiweka juu ya kigogo karibu na moto, kinakaa mpaka kinapoa, kisha anakimwaga nje mlangoni taratibu. Nikadhani ni uzee.

Nikaanza kuwasomea kidato cha pili siku za Ijumaa baada ya michezo. Hawakusinzia. Walinikalia kimya mpaka nikasikia mbao za dari zikilia kwa baridi. Wiki moja nikakuta dawati la nyuma karibu na dirisha limepanguswa na kuachwa wazi, na wale wanaokaa watatu watatu wamebanana na hawaligusi. Nikauliza kulikoni. Kiranja akasema, "Hiyo ni ya Waithira, mwalimu. Si anakujanga kusikiza." Wakacheka, na mimi nikacheka, nikaona ni raha ya kila mwandishi kupata wasomaji wa namna hiyo. Nikawaacha nayo.

Kisha ukungu ukaja. Ijumaa moja ulikuwa mzito hata ubao huuoni vizuri ukiwa nyuma, na kiranja alipokuwa akiita majina akamalizia kwa utani na jina la Waithira, na sauti ikaitika. Haikuwa kubwa. Ilitoka kule dirishani, na kabla ya kuitika ilicheka. Hakuna msichana aliyekubali kwamba ni yeye, na nilipowatazama nyuso niliona hawadanganyi, au kama wanadanganya wanaogopa pia. Nilisoma siku hiyo nikiwa nimeligeuzia dirisha mgongo.

Hilo ningelisahau, wasichana ni wasichana. Lakini kuna mmoja anaitwa Shiro, mpole, wa kuchunga ng'ombe za kwao akitoka shule, si mtu wa maneno. Alinifuata mpaka uwanjani akaniuliza, "Mwalimu, mbona hujaandika ile kiazi?"

Nikamuuliza kiazi gani.

"Ile iko kwa mfuko ya koti. Ya kuchoma. Ilikuwa bado moto."

Nikamuuliza ni nani kamwambia, akanishangaa, akasema si wewe mwalimu ulisoma. Sikusoma, Mama Warigia. Nilirudi nikapekua kila ukurasa na hakuna kiazi popote, wala sikuwa nimekifikiria. Na jioni hiyo hiyo nikaingia jikoni kwa maitu, nikamkuta anachokoa majivu kwa kijiti, akatoa kiazi kidogo kilichoiva, hakukila, akakigeuza geuza kiganjani mpaka kikapoa, akakiweka kando ya kile kikombe cha tatu. Nikanywa chai yangu nikatoka.

Sasa ndipo mhariri wa Nairobi, niliyekuwa nimempelekea sura za mwanzo, akaniandikia kwamba wanakitaka kitabu, safari hii kwa kweli, ila mwisho uwe na fundisho. Akanipa na shauri lenyewe: mama amkataze msichana kwenda msituni, msichana akaidi, aende, afie huko, ili vijana wajue mwana asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Na wanataka sura hiyo kabla ya mwisho wa mwezi huu. Mimi nilikubali. Nilijiambia ndiyo biashara ya hadithi za vijana ilivyo, na miaka yote hiyo nimekuwa nikingoja mlango ufunguke, siwezi kusimama kizingitini kuuliza maswali.

Nilipoanza kuiandika sura hiyo sikumwona tena uso. Nakwambia ukweli. Namwona mgongo tu, lile koti, anatembea mbele yangu kwenye mianzi na hageuki, na nikiandika kwamba alianguka, haanguki, anaendelea tu kwenda. Nikailazimisha. Nikaandika mama alimkataza, nikaandika alimjibu mama yake vibaya, nikaandika ukungu ukamfunika na hakuonekana tena. Raha yote ilikwisha siku hiyo, nikawa nimerudi kwa yule wa chang'aa.

Kwa kuwa maitu ndiye aliyenisaidia tangu mwanzo nikaona ni adabu kumsomea, nikimgeuzia maneno kadiri ya uwezo wangu. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniambia kwa Kiswahili, yeye ambaye hapendi Kiswahili, nadhani ili nisikosee kumwelewa, "Huyo hakuwa na kichwa ngumu. Hakukatazwa. Alitumwa."

Nikamwambia maitu, ni hadithi tu, naweza kubadilisha. Tangu siku hiyo haongei nami zaidi ya salamu. Chakula anaonja tu. Mchana ukungu ukianza kushuka anatoka anakaa langoni juu ya jiwe, ameelekea upande wa msitu, mpaka nimfuate nimrudishe ndani, na juzi nilipomshika mkono akauliza, kana kwamba hakuwa akiniuliza mimi, kama tumefunga lango, na niliposema ndiyo akasema tulifungue.

Bwana Ngatia anasema nimemwingiza mama yake wazimu na hadithi zangu, nichome hayo makaratasi yote na niachane na kuandika. Mwalimu mwenzangu alicheka. Mchungaji aliomba, akasema huenda nimeita kitu kisichokuwepo kikaja, na nisiendelee kukipa jina. Na mimi nawaza hivyo hivyo, kwamba nimebuni mtoto akatoka kwenye karatasi, ameingia darasani kwangu na jikoni kwa mama mkwe na hataki kufa. Lakini nikishika kiberiti mkono unakataa, kwa maana ndicho kitu pekee nilichowahi kukiandika kwa furaha, na nikikichoma najua sitaandika tena maisha yangu yote.

Nifanye nini? Nimuue Waithira kama nilivyoagizwa, nimchome, au nimwache atembee? Nijibu upesi, mwezi unaisha, na Ijumaa inakuja, na lile dawati liko wazi.

Ni mimi Mwalimu Kajuju,
Endarasha, Julai 1997.

*

Mwalimu Kajuju,

Barua yako niliisoma kwanza nikiwa nimesimama, halafu nikavuta kiti nikaisoma tena. Sikucheka. Nitakukaripia kidogo, lakini hilo ni jambo jingine.

Weka kiberiti chini. Kirudishe jikoni kwenye kazi yake. Sasa nisikilize, maana una macho mazuri ya mwandishi, umeona koti, umeona kikombe, umeona kiazi, kisha ukaenda kumwuliza mchungaji. Wewe hukubuni mtoto yeyote. Ulipewa.

Mimi pia ni wa Wamagana. Na kwa kuwa wewe ni wa Nkubu, ambako mna njia zenu za kuitana, hakuna aliyekwambia kwamba kwetu jina haliokotwi njiani. Msichana wa kwanza hubeba jina la mama wa baba yake, wa pili la mama wa mama yake, na kuendelea. Mtoto akifa, anayefuata hupewa jina lile lile ili lisipotee. Kila jina nyumbani lina mwenyewe aliyelitangulia. Ukaenda ukamwomba mama mzee wa Kikuyu akupe jina la msichana hivi hivi, la kuchezea, kama mtu anayeomba chumvi. Unadhani alilitoa wapi? Umeniambia mwenyewe alinyamaza mpaka ukadhani hakusikia.

Ana wavulana tu, unasema. Ana wavulana tu sasa. Hesabu umri wake, urudi nyuma mpaka siku za Hali ya Hatari, Mwingereza akipigana na Mau Mau, zile wazee wetu wanaita emajensi, bwana Ngatia wako hajazaliwa. Kule Wamagana watu walitolewa majumbani wakarundikwa katika kijiji kimoja, wanaume wako kizuizini, na akina mama wanachimba mtaro kuzunguka kijiji kutoka asubuhi. Mimi nilikuta mtaro huo umejaa magugu, tukikatazwa kucheza humo bila kuambiwa sababu. Jioni ikiingia lango linafungwa, na aliyebaki nje amebaki nje, na askari wana ruhusa ya kupiga risasi. Sasa yasome tena maneno ya mtu huyo. Baba hayuko. Koti lake liko. Ndama imepotea upande wa msitu, na jioni inaingia. Na wewe unauliza angependa nini.

Naweza kukosea, Mwalimu. Mimi niko mezani na barua, wewe uko bomani na mtu mwenyewe. Lakini naona mama aliyekuwa na msichana wa umri wa wanafunzi wako au mdogo kidogo, aliyechoka kwa kazi ya mtaro, akamwambia mtoto kimbia ukamrudishe ndama, chukua kiazi hiki utakula njiani. Lango likafungwa. Baada yake wakazaliwa wavulana, na lile jina likabaki nje pamoja na mwenyewe. Hajalitamka miaka arobaini na zaidi, hata kwa mumeo, na ndiyo maana mumeo anadhani ni wazimu. Akaja mkaza mwana kutoka Meru, asiyejua lolote, anacheka, anaomba jina. Akakupa. Kila jioni akakupa kipande kingine. Akaanza kummiminia chai.

Kisha wewe ukamsomea kwamba mtoto alikatazwa akakaidi.

Hapo ndipo nakukaripia, na sikukaripii kwa sababu hukujua, maana usingeweza kujua. Nakukaripia kwa sababu ulijua hadithi inasema kingine. Mkono wako ulikwambia, lile koti lililokupa mgongo lilikwambia, raha iliyokatika ghafla ilikwambia, na bado ukamsikiliza mtu wa Nairobi ambaye hajawahi kumwona Waithira akiruka dimbwi. Umemchukua mtoto aliyetumwa ukamfanya mkaidi, ili upate fundisho. Wazee wetu wana methali nyingi za kumlaumu mtoto. Hizo hazikuhitaji msaada wako.

Na sasa hili la kuandikia vijana, maana nalo umeliuliza ingawa umelificha chini ya ukungu. Unataka kujua kwa nini wale wa chang'aa walikuwa mzigo na huyu akawa furaha. Wale hawakuwa watu. Walikuwa kiboko kilichovaa suruali. Kijana anakitambua kiboko kutoka mbali, ndiyo maana walisinzia. Walipopata mtu wa rika lao, anayetukana ng'ombe na kuvaa koti lisilomtosha, walisogea wakabanana ili apate pa kukaa. Mhariri gani atakupa sifa kubwa kuliko hiyo? Furaha yako ndiyo dira yako, Mwalimu. Ilipokuwepo ulikuwa kwenye njia, ilipokatika ulikuwa umepotea, na utakapokaa tena kuandika ukaona uso wa msichana badala ya mgongo utajua umerudi. Sina somo jingine la uandishi na sidhani liko.

Kuhusu sauti iliyoitika, nami nimekuwa kidato cha pili, na kuna mengi tuliyoyakana kwa nyuso safi kabisa. Huenda ni hivyo. Kuhusu kiazi sina jibu. Nimejaribu. Nimesema labda ulikisoma ukasahau, labda Shiro naye ana nyanya anayenyamaza jikoni, maana wako wengi. Hakuna jibu lililonitosha, na nakuachia kiazi kama kilivyo. Si kila kitu cha kutisha kimekuja kukudhuru. Kingine kimekuja kusikiliza, kama walivyosema wasichana wako, na nadhani walisema kweli kuliko walivyojua.

Basi fanya hivi. Mwandikie mhariri leo kwamba ile sura ya mwisho haiji mwezi huu na haiji kama alivyoiagiza. Akikataa, akatae. Kuna wachapishaji wengine, na hata wasingekuwapo, kitabu hiki kina wasomaji tayari na mmoja wao ana dawati. Ijumaa usisome sura ya kifo. Waambie wasichana hadithi imesimama kwa sababu mwalimu alikosea mahali na anakwenda kuuliza, watakuheshimu zaidi. Shiro usimhoji, mtoto asionewe kwa sababu ya kuona. Dawati liache mpaka wao wenyewe walichoke.

Bwana Ngatia mwambie, lakini si kabla mama hajakuruhusu. Waithira ni dada yake, naye ana haki, ila habari hiyo ni ya mama kuitoa, si yako, wala si ya gazeti hili. Kwa hiyo jibu hili nakutumia kwa posta, na sitalichapa mpaka mama mwenyewe akubali, ingawa najua kuna akina mama wengine wanaokaa langoni.

Na mwisho wa kitabu usiutafute kwangu. Huenda mama atataka msichana arudi na ndama, lango likiwa wazi. Huenda atataka yaandikwe kama yalivyokuwa. Huenda hatataka kitabu kabisa, na hapo utakifunga na kukiweka, na hutalia mbele yake. Kwa vyovyote ni lazima neno moja lisahihishwe, hata kama ni kwa mdomo na hata kama hakuna atakayelisoma. Mwambie, maitu, nilikosea, Waithira alitumwa, naye alikwenda kwa sababu alikuwa mtoto msikivu. Mwambie polepole, kwa Kikuyu kama unaweza, na ukivunja maneno ya watu hatajali.

Lakini usianze na hilo. Leo ukungu ukishuka, mfuate langoni kama kawaida, na akisema lango lifunguliwe, lifungue. Rudini jikoni. Mwache amimine chai. Kikombe cha tatu kikiwekwa pale juu ya kigogo, usikitazame kwa woga na usiulize ni cha nani. Muulize kama Waithira alikuwa anapenda sukari nyingi, halafu ukae, unyamaze, umngoje ajibu.